Mtani Wangu wa Chumba cha Pasi

Kila kijana wa mtaa wetu wa Mwembesongo anayepata pasipoti huja mlangoni kwangu na swali lile lile. "Shikamoo Bibi. Eti, maisha ya Maskati yakoje ukilinganisha na ya hapa?" Mimi huitikia marahaba, kisha humwuliza kama anajua kunyoosha nguo. Akisema anajua, humpa shati lenye kola, nami nikakaa kumtazama. Hadi leo hajatokea aliyeniridhisha, na wengi wameondoka bila jibu.

Sasa nimechoka kujibia mlangoni. Nimemketisha mjukuu wangu Rehema mezani. Mimi nasema, yeye anaandika. Sikupata kuingia darasani hata siku moja, lakini najua uzito wa maneno yangu, na nimemwonya asiyapunguze wala asiyapambe.

Kazi yangu ilikuwa udobi. Niliifanya hapa Morogoro, nikaenda nayo Maskati kwa miaka mingi, nikarudi nayo. Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote lililonipata katika kazi hiyo halikuhusu nguo. Niliahidi kwenda kumtania mama mmoja mtu mzima siku ya msiba wake, tena katika nchi ambayo mtu afanyaye hivyo huonekana amerukwa na akili. Nitafika huko. Kwanza niseme habari ya maji, kwa sababu dobi asiyeanza na maji ni mwongo.

Maji ya Uluguru ni mepesi. Yanashuka kutoka msituni, yanapita juu ya mawe, yanafika mjini yakiwa bado na ubaridi wa mlima. Ukiyagusa na kipande cha sabuni tu, povu linajaa karai. Mimi nilizaliwa juu ya Mkuyuni, nikakulia katika maji hayo, nikadhani maji yote duniani ndivyo yalivyo. Ndivyo mlivyo nanyi: mnadhani kila mlichokizoea ni sheria ya dunia.

Aliyenifundisha kazi ni mjomba wangu Kibwana, kaka wa mama, aliyekuwa na meza ya udobi hapa Mwembesongo. Watu walimcheka. "Kibwana, tangu lini dobi akawa mtoto wa kike?" Yeye akawajibu, "Kwetu mali ya mjomba huenda kwa watoto wa dada yake. Shamba sina, nyumba sina. Nina pasi. Mlitaka nimpe nani?" Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo hilo mlishike, maana litatukuta tena mbele.

Pasi ile ilikuwa ya mkaa, nzito, ina jogoo wa chuma mbele anayefunga kifuniko. Mjomba alinifundisha kuchagua makaa: yale yanayorusha cheche ni adui wa nguo nyeupe, yatoe. Ukishawasha, ichezeshe pasi mbele na nyuma upepo uingie, kisha ipitishe kwenye jani bichi la mgomba ili uso wake uteleze. Ukitaka kujua joto lake, usilitazame. Dondosha tone la maji usikilize. Tone likinung'unika, pasi bado. Likipiga kelele likaruka, subiri. Likikata neno moja tu, piga. "Mkono hauna akili," alikuwa akisema, "akili ya dobi iko sikioni." Shati huanza na kola, kutoka ncha kwenda katikati, kamwe si kinyume chake, kwa maana ukianza katikati utausukuma mkunjo hadi nchani na hapo utakaa kama kidonda. Kisha mabega, kisha mikono, kiwiliwili mwisho. Mimi niliwahi kuanza na kiwiliwili mara moja. Mjomba hakunipiga. Alilichukua shati, akalivaa, akatembea nalo sokoni siku nzima akimwambia kila aliyekutana naye, "Hii ni kazi ya mpwa wangu." Sikurudia tena.

Ni kola hizo zilizonipeleka ng'ambo. Familia moja ya Maskati ilikuja kuzuru ndugu zao hapa mjini, wakaleta kanzu zao kwa mjomba, na mimi nikazipiga pasi. Mama wa familia hiyo, Bi Zuwena, alizikagua, akaniuliza kwa Kiswahili safi kama ningependa kufanya kazi nyumbani kwake. Wakati huo nilikuwa mjane mwenye watoto, na nyumba ninayoishi leo ilikuwa imefika usawa wa madirisha ikasimama. Watoto nikamwachia mama yangu. Nikaenda.

Wapo wenzangu walioteswa huko. Habari zao wataeleza wenyewe, na mkiwasikia waaminini. Mimi sikuteswa. Nilipewa chumba cha kulala chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na chumba cha pasi chenye dirisha. Umeme haukukatika. Pasi ilikuwa ya umeme, nyepesi kama sahani, nayo haikuhitaji jani la mgomba, jambo lililonisikitisha kidogo.

Ila maji! Siku ya kwanza nilisugua sabuni hadi kiganja kikauma, povu likakataa. Maji ya kisima cha nyumba ile yalikuwa mazito, yenye chumvichumvi, na kanzu nyeupe zilitoka zikiwa na rangi ya majivu. Nilidhani nimerogwa. Baadaye niliomba magadi, yale yale tunayopikia maharage, nikaweka kidogo katika maji ya moto, nikayaacha yatulie, ndipo sabuni ikanitambua. Na jua la kule halisaidii dobi kama mnavyodhani. Linakausha kwa hasira. Kabla sijaanika nguo ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imekwisha kukauka na kukakamaa kama ngozi ya ngoma. Hapa wakati wa masika tunapiga pasi ili nguo ikauke. Kule nilikuwa nainyunyizia nguo maji ndipo niipige pasi. Kazi ni ile ile, nilikuwa naifanya kinyumenyume.

Siku moja niliona wingu. Nilikuwa sijaona wingu tangu nifike. Mtu wa milimani akiona wingu jeusi haulizi, nilipiga kelele, "Mvua! Mvua!" nikakimbilia kamba, nikazoa nguo zote kifuani, nikakimbia nazo ndani. Mlangoni nikapambana na nyumba nzima. Watoto, mpishi, dereva, Bi Zuwena mwenyewe peku, wote wanakimbilia nje, nyuso zimekunjuka kama za sikukuu. Wao walikuwa wanaifuata mvua, mimi naikimbia. Tulikwama pale mlangoni, kanzu zikaanguka zikakanyagwa. Matone yalianguka machache, yakaisha. Nilizifua upya zote. Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwenu: ng'ambo ni mahali ambapo watu wenye akili timamu wanakimbilia kule unakokimbia wewe, na hakuna aliyekosea.

Kosa la pili ndilo lililonipatia mtani.

Hapa kwetu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Ukiivaa nguo hiyo bila kuipiga pasi, yai linaingia ngozini, na baada ya siku chache una jipu lenye funza ndani. Kwa hiyo dobi wa Morogoro haachi kitu. Nami kule Maskati sikuacha kitu. Nilipiga pasi kanzu, magauni na mashuka, na pia soksi, taulo, nguo za ndani, vitambaa vya kupangusia sufuria, hata tambara la kudekia. Bi Zuwena alinitazama siku kadhaa, kisha akaniuliza kwa upole kama nina afya. Kabla sijajibu, sauti ikatoka mlangoni.

"Mwache. Anaogopa funza huyo."

Alikuwa mama yake, Bi Shamsa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na bakora ambayo hakuihitaji. Alikuwa ametoka kwa mwanawe mwingine, amehamia kwetu siku hiyo hiyo.

"Wewe wa wapi?" akaniuliza.

"Morogoro, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Morogoro mjini au wale wa kupanda?"

"Wa kupanda. Mluguru."

Akapiga bakora sakafuni. "Mluguru! Zuwena, umeniletea Mluguru nyumbani, usiniambie? Mimi nimezaliwa Tabora, nimelelewa na Wanyamwezi, nimekula michembe yao ya viazi vikavu mpaka meno yakaota upya. Wewe ni mtani wangu! Hebu niambie, bado mnalima mmejifunga kamba kiunoni, msibingirike mkaangukia kwa jirani?"

Nilisimama nikiwa na soksi mkononi. Mimi si mtu wa mzaha. Wajukuu zangu wanajua kwamba katika nyumba yangu hatucheki na chakula mdomoni, wala hatumchezei mkubwa. Lakini utani si mzaha, na hapo ndipo vijana wa leo mnapopotea. Utani ni wajibu, kama kuchimba kaburi na kuteka maji ya msiba. Wanyamwezi walipita kwetu na mizigo tangu enzi za mababu, wakala kwetu, wakafa kwetu, tukazikana, na katika kuzikana huko tukapeana ruhusa ya kutukanana milele bila mtu kukasirika. Ukitaniwa na mtani ukanyamaza, umemnyima haki yake. Nikaiweka soksi chini.

"Afadhali sisi wa kamba kiunoni," nikasema, "kuliko ninyi mliobeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa. Nikitafuta mahali pa kutua pasi yangu, nitakuita."

Bi Zuwena akashika mdomo. Mpishi akatoka chumbani upesi. Bi Shamsa alivuta kigoda, akaketi karibu na meza yangu, akafuta miwani yake, akasema, "Alhamdulillahi. Nilikuwa nimekaribia kufa kwa heshima."

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alikuja chumba cha pasi. Alikagua kola zangu kwa kidole. "Nani kaipiga hii, wewe au mbuzi wako?" Nami humjibu, "Mbuzi wangu ana kazi. Hii imepigwa na punda wa Tabora." Mchana ukapita. Katika kutukanana huko alinifundisha namna ya kuinyoosha kofia ya Kimaskati iliyotariziwa isilegee, kwa kuitia uji mwepesi wa wanga na kuivika juu ya bakuli. Nami nikamfundisha kuwa wanga wa muhogo unashinda ule wa dukani, mradi uuchuje kwa kitambaa mara mbili.

Mnaniuliza habari za maisha ya kule, nami nawaambia kwamba maisha ya kule yalikuwa ya raha na kimya. Jokofu limejaa, barabara imenyooka, mgonjwa anapelekwa hospitali kwa gari lenye ubaridi. Lakini milango imefungwa. Nilikaa nyumba ile miaka, na jina la jirani wa ukuta wa kushoto silijui hadi leo. Hapa, nikikohoa asubuhi, kabla ya adhuhuri mtu wa mtaa wa tatu anakuja na malimao kuniuliza kifua kinaendeleaje. Hapa vilevile, nikinunua sufuria mpya, mtaa mzima unajua na nusu yao wanaiazima. Msinitake niseme kupi ni bora. Maji mepesi yana povu, maji mazito yana magadi yake. Dobi anafua kwa maji aliyonayo.

Siku moja Bi Shamsa alikuja akaketi bila kunitukana. Nikajua pana neno.

"Mwanahawa," akasema, kwani ndilo jina langu, "baba yangu alipokufa Tabora, mama hakula. Siku ya tatu watani wakaja. Mmoja amevaa koti la baba ndani nje, amevaa na kofia yake, anatembea kwa kuchechemea kama yeye. Akaketi kwenye kiti chake, akaanza kudai chai, akamgombeza mama kwamba chai haina sukari. Mama akacheka. Mama yangu, mjane wa siku tatu, alicheka, kisha akalia kweli kweli, kisha akaomba ugali. Nimeuona msiba wa hapa. Watu wanalia kwa adabu, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Mimi watanizika kimya kama ushanga ulioangukia mchangani. Nikifa, uje unitanie."

"Mimi ni mfanyakazi wa mwanao," nikamwambia. "Nikifanya hivyo nitarudishwa kwetu kwa ndege ya kwanza."

"Kwani mimi ni nani wako?"

Swali hilo lina jibu moja tu, na yeye alilijua. Nikasema, "Mtani."

"Basi."

Bi Zuwena alikuwa mlangoni amesikia. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa amezaliwa Maskati, na aliogopa watu watasema nini. "Mama, mambo ya Bara yaishie chumba hiki," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Mwanahawa, unanielewa? Nje ya chumba hiki, hapana." Na kibali changu cha kukaa kilikuwa mikononi mwake. Nilielewa vizuri, nikaitikia ndiyo. Usiku nililala nikiwaza madirisha ya nyumba yangu yaliyosimama bila fremu, na watoto wangu waliokuwa wakinitegemea. Nilikuwa nimeahidi watu wawili, na ahadi hizo zisingeweza kukaa katika nguo moja.

Bi Shamsa alifariki mwanzoni mwa joto, baada ya sala ya alasiri, usingizini. Wanaume wakamzika siku hiyo hiyo. Wanawake wakajaa sebuleni, wote wamevaa nyeusi, wamekaa kuzunguka ukuta, udi unafuka, kahawa inapita. Ilikuwa kama alivyosema. Mtu anaingia, anambusu Bi Zuwena kichwani, ananong'ona, anaketi, anaondoka. Bi Zuwena alikaa wima, macho makavu, na hakuwa akila. Nilikuwa nikipeleka tende nazirudisha zilivyo.

Siku ya kwanza sikufanya kitu. Siku ya pili nilipiga pasi mashuka ambayo hayakuwa na haja ya pasi. Siku ya tatu asubuhi niliingia chumbani kwa Bi Shamsa. Gauni lake la kijani lilikuwa limetundikwa. Nililipiga pasi kwanza, kola mwanzo, kiwiliwili mwisho, kwa kuwa mtani hata akivaa nguo ya marehemu ndani nje haivai ikiwa na mikunjo. Kisha nikaligeuza gauni, nikalivaa juu ya nguo zangu. Nikafunga ile miwani ya uzi. Nikachukua bakora. Vijana, mimi ni mtu mzito wa kucheka, lakini nilikwenda.

Nikaingia sebuleni nikipiga bakora sakafuni. Mazungumzo yakakatika. Nikaenda hadi kwenye kiti chake, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, nikaketi. Nikaangaza chumba kizima kwa juu ya miwani, kama yeye.

"Hii nini?" nikasema kwa sauti yake. "Nimeondoka siku tatu tu, mnakuja nyumbani kwangu na mikunjo?" Nikamnyooshea bakora mama mmoja mnene. "Wewe, gauni hilo umelilalia, au limekulalia? Na wewe, nani kakupigia shela hiyo? Mbuzi wa Mluguru? Yuko wapi huyo Mluguru? Ameanguka tena mlimani? Mwambieni kikapu changu cha nguo kimejaa, na mahali nilipolala hawana pasi!"

Nikaona macho ya wanawake wale, nikaona aibu ndani yake, wengine wakinionea aibu mimi, wengine wakimwonea Bi Zuwena. Kisha kwenye kona, bibi mmoja kikongwe ambaye sikuwa nikimjua akaanza kutikisika mabega. "Mwongo huyu," akasema kwa Kiswahili, "Shamsa alikuwa anapiga bakora mara mbili." Nikapiga bakora mara mbili. Kikongwe yule akaangua kicheko, na karibu naye mwingine, na kicheko kikavunjika kikawa kilio cha sauti, kile ambacho chumba kilikuwa kimekikosa kwa siku tatu.

Bi Zuwena akasimama. Hakucheka. Uso wake ulikuwa kama kanzu iliyotiwa wanga mwingi.

"Mwanahawa. Toka."

Nikatoka. Nililivua gauni, nikaligeuza, nikalikunja vizuri. Nikafunga sanduku langu nikaliweka mlangoni. Sikujuta, na sitaki mdhani kwamba nilijuta. Lakini nilikaa kitandani nikayapiga mahesabu ya madirisha yale moja moja, nikayaaga.

Tiketi haikuja kesho yake. Wala kesho kutwa. Hakuna aliyeniambia niende wala nibaki, na kwa kuwa nguo chafu hazisubiri mtu aamue, nikaendelea na kazi. Sanduku likakaa mlangoni. Ikawa hivyo karibu wiki, hadi asubuhi moja Bi Zuwena aliingia chumba cha pasi akiwa na gauni mkononi. Akalitupa mezani.

"Kola hii ina mkunjo," akasema.

Nikaitazama. Haikuwa na mkunjo wowote. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe siku iliyotangulia.

"Nitairudia, Mama."

Hakuondoka. Akasimama akitazama kile kigoda. "Yeye angesemaje?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama ndiye angeikuta. Angesemaje?"

Nikatua pasi. Nikasema kwa sauti ya mama yake, "Nani kaipiga hii, wewe au mbuzi wako?"

Akaketi pale kigodani kama mtu aliyekatwa miguu. Alicheka na kulia kwa pamoja, akashika magoti yake, akasema, "Tena." Nikasema tena. Nikamsemea asubuhi zote nilizozikumbuka, moja baada ya nyingine, huku nikiipiga pasi kola isiyo na mkunjo. Alipotulia aliomba chai na mkate. Alikula pale pale, kati ya nguo.

"Sasa nani atakutania wewe hapa?" akaniuliza.

"Hakuna, Mama. Mtani wangu amekufa."

"Na mimi?"

"Wewe umezaliwa Maskati."

"Mama yangu alikuwa Mnyamwezi. Kila siku alisema."

Nikafikiri. Nikamwambia kuwa kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na utani hurithiwa pamoja na ukoo, kwa hiyo kwa sheria yetu sisi, na ingawa Waarabu wangeshangaa kuisikia, yeye ni Mnyamwezi kamili. Akafuta uso. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akitafuta tusi, maskini, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumtukana hata paka.

"Wewe..." akasema. "Wewe ni mfupi."

"Dhaifu sana," nikamjibu. "Lakini tumeanza."

Nilirudisha sanduku chini ya kitanda. Nikafanya kazi pale hadi magoti yalipokataa kusimama, na yeye akawa mtani hodari kuliko nilivyotarajia. Madirisha yakapata fremu, nyumba ikapata paa, watoto wakawa watu. Nilipoaga, alinisindikiza uwanja wa ndege, akanikumbatia mbele ya watu, akaniambia kwa sauti kubwa, "Nenda, rudi kwenye mlima wako, na kamba usisahau!" Askari wa pale walidhani tumegombana.

Sasa niko hapa. Asubuhi ukungu unafunika mlima, nguo za jirani hazikauki, nami nafurahi. Pasi ya mkaa ya mjomba iko kabatini. Na kila siku, saa ya chai, Mzee Mihayo hupita mlangoni. Ni Mnyamwezi, alikuja zamani kukata miwa mashambani, akastaafu, akabaki.

"Wewe Mluguru, bado hujafa?" hunisalimu.

"Nife uniibie nini, mchukuzi wewe?"

"Ile pasi. Siku yako nitaishika mwenyewe. Nitatangulia mbele ya jeneza nikipiga pasi njia yote hadi makaburini. Nakujua. Ukiona mkunjo mmoja tu, utarudi."

Basi jibu langu kwenu mnaosafiri ni hili. Msiniulize kama huko kuna pesa wala kama kuna raha; vyote viwili mtavikuta na mtavizoea. Ulizeni kama huko kuna mtu atakayekuja kuwatania siku mtakapolala. Akiwapo, nendeni kwa amani. Asipokuwapo, mtafuteni kabla hamjatafuta kitu kingine, na mkimpata mlipeni haki yake, hata kama itawagharimu tiketi.

Mzee Mihayo akitangulia yeye, utani wangu nimekwisha kuuandaa, wala siusemi hapa asije akajiandaa. Nikitangulia mimi, Rehema, andika hili kwa mwandiko mkubwa: fungua kabati, mpe ile pasi, na mtu yeyote asimzuie njiani. Ila uhakikishe haina makaa. Mnyamwezi yule hajui kushika pasi.